Ushahidi wa Barafu: Mlima Kilimanjaro na Wajibu Wetu wa Kusema Kweli

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Kikwajuni, Zanzibar



 Mada ya leo ilizaliwa na maswali mawili ya kijana mmoja. Tulipotangaza kwamba tungezungumza juu ya kupungua kwa barafu ya Mlima Kilimanjaro, alisimama akauliza: "Padre, sisi ni watu wa kisiwani, na wengine wetu visima vyao vimeanza kutoa maji ya chumvi. Barafu ya Kilimanjaro yatuhusu nini? Tena, wataalamu walisema itakuwa imekwisha ifikapo 2015 au 2020. Mbona bado ipo?" Baadhi ya wakubwa walimkemea, wakaona amekosa adabu. Sisi tunaona kwamba alitutendea hisani. Maswali yake yote mawili ni ya haki, na mada hii haina budi kuyajibu. Tutaanza na lile la pili, kwa maana asiyejua jambo lilivyo hawezi kujua linamhusu vipi.

1. Mlima uliokanushwa

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari wa Kiprotestanti, Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele cha mlima huu. Alipomwuliza aliyemwongoza njia weupe ule ni kitu gani, alijibiwa kwa neno letu la kila siku: baridi. Habari hiyo ilipochapwa London mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwa amepata kufika huku, aliikanusha. Aliona haiwezekani theluji kukaa karibu na mstari wa ikweta. Ilibidi miaka ipite, hata Baron von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakavuka meta 4,000, ndipo mabishano yakaanza kutulia. Jina la Kersten limebaki katika moja ya barafu za upande wa kusini wa mlima. Kilele chenyewe, chenye kimo cha meta 5,895, kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889.

Kwetu Wakatoliki, njia iendayo mlimani humo si ngeni. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika hapa Unguja mwaka 1863 ndio waliokwenda Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 Askofu de Courmont na wenzake wakafika Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Imani ya Uchagani ilipitia katika mji wetu huu. Tukizungumzia mlima ule, tunazungumzia ndugu.

Tumeanza na habari ya Cooley kwa makusudi. Aliyeona alisema, na asiyeona alikanusha, kwa kuwa habari hiyo haikupatana na aliyoyaamini tangu awali. Kosa la namna hiyo lipo hata leo, nasi hatujaepukana nalo, kama tutakavyokiri mbele.

2. Barafu inavyopimwa

Hans Meyer aliporudi mlimani mwaka 1898 aliona kwamba barafu imerudi nyuma tangu safari yake ya mwaka 1889. Lakini macho peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Ushahidi wahitaji kipimo, na kipimo chahitaji kurudiwa.

Njia ya kwanza ni ramani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupiga mlima picha nyingi kutoka mahali mbalimbali. Kutokana na picha hizo ikachorwa ramani iliyoonyesha kwamba barafu ilifunika eneo la kilometa za mraba zipatazo 12, yaani hekta 1,200. Baadaye zikaja picha zilizopigwa kutoka katika ndege, kisha zile za satelaiti. Wataalamu waliolinganisha picha hizo walipata kilometa za mraba 6.7 kwa mwaka 1953, 3.3 kwa mwaka 1989, na karibu 1.8 kwa mwaka 2011. Vipimo vya miaka ya 2021 na 2022 vilionyesha kwamba imebaki chini kidogo ya kilometa moja ya mraba. Katika kila hekta kumi na mbili za mwaka 1912, haikubaki hata hekta moja kamili.

Njia ya pili ni mti wa kupimia. Wataalamu hutoboa barafu na kusimamisha ndani yake miti au mabomba marefu. Wakirudi baada ya miezi kadhaa hupima ni kiasi gani kimejitokeza juu. Ikiwa mwaka jana bomba lilijitokeza kwa shibiri moja na mwaka huu ni mikono miwili, hakuna haja ya mabishano. Mvuvi anayetazama alama za maji katika nguzo za gati anaielewa elimu hii bila kufundishwa.

Njia ya tatu ni kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Mwezi Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na wenzake waliweka kituo cha namna hiyo juu ya Uwanja wa Barafu wa Kaskazini. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, wakaanza kupima juu ya barafu ya Kersten. Vyombo hivyo hupima joto, unyevu, upepo na nguvu ya jua. Kimoja hupeleka mlio chini na kuhesabu muda wa mwangwi wake kurudi. Mwangwi ukichelewa zaidi, uso wa barafu umeshuka. Ukiwahi, theluji mpya imeanguka.

Njia ya nne ni kuchimba. Mapema mwaka 2000 kundi la Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio lilichimba mashimo sita na kutoa nguzo nyembamba za barafu, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Katika kurasa hizo walisoma vumbi la ukame mkubwa wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita, na wakakadiria kwamba tabaka za chini kabisa zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 11,000. Nguzo zile hazikujishusha zenyewe kutoka kileleni. Wapagazi wa Kitanzania ndio waliozibeba. Majina ya maprofesa tunayajua, ya wapagazi hatuyasikii. Tume inayoitwa ya Haki na Amani haiwezi kulipita jambo hilo bila kulitaja.

3. Barafu inavyokufa

Wengi wetu tunadhani barafu ya mlimani hufa kama ile ya wauza samaki pale Darajani: joto linapanda, barafu inayeyuka, maji yanatiririka. Kileleni kwa Kilimanjaro si hivyo hasa. Wastani wa joto huko ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Mahali pengi barafu haipati hata nafasi ya kuwa maji. Inatoweka moja kwa moja ikawa mvuke.

Mfano wake tunao majumbani. Weka kipande cha kafuri wazi katika sahani. Kinapungua siku hata siku, na sahani haipati tone la maji. Barafu ya Kilimanjaro, katika hewa kavu na chini ya jua kali la ikweta, hupungua vivyo hivyo, ingawa sehemu nyingine huyeyuka pia.

Basi kwa nini zamani haikupungua kwa kasi hiyo? Fikirini matumizi ya nyumba. Nyumba hufilisika kwa njia mbili: ama matumizi yamezidi, ama mapato yamekatika. Mapato ya barafu ni theluji. Aidha, theluji mpya ni nyeupe, nayo hurudisha miali ya jua kama kanzu nyeupe. Theluji isipoanguka, barafu ya zamani iliyochafuka hubaki wazi na kuvuta joto kama nguo nyeusi. Kwa hiyo theluji ikikosekana hasara ni mbili: chakula na mwavuli.

Wataalamu wameonyesha kwamba tangu karibu mwaka 1880 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu zaidi kuliko ilivyokuwa kabla yake, na hapo ndipo barafu ilipoanza kufilisika. Wakati huo viwanda vya dunia vilikuwa bado vichache. Je, hii ina maana kwamba uchafuzi wa hewa hauna hatia? La hasha. Kuongezeka kwa joto la dunia katika miaka iliyofuata, pamoja na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi ambayo huamua mvua zetu, kumeuongezea mgonjwa ugonjwa. Barafu za Mlima Kenya na za Rwenzori nazo zinakwisha, na hivyo hivyo barafu za milima mingi ya dunia. Lakini mwenye kutoa ushahidi hana budi kusema yote anayoyajua, hata yale yanayofanya hadithi yake isiwe nyepesi.

4. Utabiri ambao tarehe yake imepita

Sasa tumjibu kijana wetu. Ni kweli kwamba mwaka 2002 kundi la Thompson lilichapisha kwamba, hali ikiendelea vile vile, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya miaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu bado ipo. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza makadirio mengine: kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimetoweka ifikapo mwaka 2050.

Mtu anaweza kusema, "Basi walidanganya." Tutofautishe uongo na makadirio. Tabibu akimwambia jamaa kwamba mgonjwa hatavuka mwezi, na mgonjwa akavuka miezi mitatu huku akizidi kukonda, tabibu alikosea siku, hakukosea ugonjwa. Tangu mwaka 2000, vipimo havikuonyesha barafu ikipona. Mwaka 2012 Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulikuwa umepasuka vipande viwili.

Hata hivyo, tuseme na hili: anayeshika tarehe moja na kuipigia mbiu, ili watu waogope, anajitafutia aibu. Tarehe ikipita watu hucheka, na wakicheka huacha kusikiliza. Hofu si msingi wa kujengea dhamiri. Msingi ni ukweli uliopimwa, pamoja na mashaka yake.

5. Kosa tulilolihubiri

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Kwa miaka kadhaa, katika mahubiri na semina, tulifundisha kwamba mito ya Kilimanjaro inatoka katika barafu, na kwamba barafu ikiisha, mito itakauka. Tuliongeza kuwa mkulima anayekata mti mteremkoni ndiye anayeyeyusha kilele. Tulifundisha hivyo kwa nia njema, na maneno hayo yalipokelewa vizuri. Lakini hayakuwa sahihi.

Watafiti waliochunguza maji ya mlima wameonyesha kwamba maji yatokanayo na barafu ni sehemu ndogo sana. Maji mengi ya mito na ya mifongo, ile mifereji waliyoichimba Wachaga tangu zamani, hutoka katika ukanda wa msitu, ambao hupokea mvua na kukamata ukungu. Adui mkubwa wa msitu wa juu ni moto, kama ule mkubwa uliowaka Oktoba 2020. Kwa hiyo msitu ndio mama wa mito. Barafu yafanana zaidi na mvi za mzee: haitunzi nyumba, lakini yatuambia miaka iliyopita na kwamba wakati unakwenda.

Kwa nini tunalikiri hili mbele yenu? Kwanza, kwa sababu amri ya kutomshuhudia jirani uongo haina kifungu kinachowaruhusu wenye nia njema. Tulimbebesha mkulima maskini dhambi ya kilele, na wala hakuwa mtuhumiwa wa kwanza. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotolewa duniani. Kumwambia mwenye jembe kwamba yeye ndiye aliyechoma dunia, na kumnyamazia mwenye viwanda elfu, ni dhuluma iliyovaa vazi la mafundisho. Pili, kwa sababu kosa lile lilitupotezea kazi ya kweli. Tulipokuwa tukiomboleza barafu, ambayo hakuna anayeweza kuirudisha kwa kupanda miche, tungeweza kuwa tunazuia moto msituni, jambo ambalo watu wanaliweza.

6. Yatuhusu nini sisi wa visiwani?

Tumefika kwenye swali la kwanza. Barafu ile ni mtoto wa bahari yetu. Unyevu unaogeuka theluji kileleni huchukuliwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi, hasa majira ya vuli na masika. Tabia ya bahari inapobadilika, mlima na kisiwa hupata habari moja kwa lugha mbili. Mlima husema kwa barafu. Kisiwa husema kwa mambo mnayoyajua ninyi zaidi kuliko wataalamu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yalipauka na kufa. Akina mama wa pwani ya mashariki, wanaolima mwani, wameona ile aina yenye bei nzuri zaidi ikishindwa kustawi katika maji ya kina kifupi yaliyozidi joto. Na visima vilivyo karibu na bahari huingia chumvi tunapovuta maji mengi kuliko mvua inavyorudisha, huku bahari nayo ikipanda.

Lazima tuwe waangalifu hapa pia. Barafu ya Kilimanjaro, hata ikiisha yote, haiwezi kupandisha bahari kwa kiasi kinachoonekana, kwa kuwa ni ndogo mno. Bahari inapanda kwa sababu maji yake yanatanuka kwa joto, na kwa sababu barafu za dunia nzima, kutoka Greenland hadi milima ya Asia, zinapungua. Kilimanjaro ni shahidi, si mkosaji.

Tena, mlima na kisiwa vimefungwa pamoja kwa nyaya. Maji ya miteremko ya Kilimanjaro huingia Mto Pangani pamoja na maji ya milima mingine. Mto huo huzungusha mitambo ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na umeme wake huingia katika gridi ya Taifa, ambayo hutufikia sisi kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Wakazi wa Unguja waliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na miezi ipatayo mitatu kuanzia Desemba 2009, waya ule ulipoharibika, wanajua kwamba kisiwa hakiishi peke yake. Anayetunza msitu Kilema, Marangu au Machame anatutendea jema bila kutujua.

7. Tufanye nini?

Tusifanye mambo makubwa ya maneno. Tunapendekeza matatu.

La kwanza, tupime. Wataalamu wametufundisha kwamba mti uliosimamishwa barafuni na daftari la miaka mingi vina nguvu kuliko makelele. Kila Jumuiya ichague kisima kimoja. Mara moja kila mwezi, siku ile ile, ishushwe kamba yenye mafundo, yahesabiwe mafundo hadi kufika maji, na iandikwe pia kama maji ni matamu au yana chumvi. Vijana waliomaliza shule wasimamie daftari. Baada ya miaka mitatu hatutakwenda ofisini kusema "tunaona kama maji yamepungua". Tutakwenda na kurasa.

La pili, tupime pamoja na jirani zetu. Hapa Kikwajuni kisima hakina dini. Waislamu na Wakristo tunachota kwa zamu moja na kubeba madumu yale yale. Daftari likiwekwa na watu wa nyumba zote, na kupelekwa kwa sheha na watu wa nyumba zote, halitaitwa daftari la Kanisa. Litaitwa daftari la mtaa, na ndivyo inavyostahili.

La tatu, tuseme sababu za kweli. Tukipanda miti, tuseme tunapanda kwa ajili ya kivuli, udongo na maji. Tukilinda mikoko, tuseme ni kwa ajili ya samaki na kuzuia mawimbi. Na tukizungumza juu ya nchi tajiri na deni lao kwa dunia, tuseme kwa sauti isiyotetemeka, lakini kwa hesabu sahihi, ili asiwepo wa kutukanusha kama Cooley alivyomkanusha Rebmann, na safari hii akawa na haki.

Wapendwa, huenda watoto wa watoto wetu wakautazama Mlima Kilimanjaro bila weupe wake. Hatuna uwezo wa kuahidi vinginevyo, na tusiahidi. Lakini wakituuliza, "Ninyi mliokuwapo, mliona nini na mlifanya nini?" tuwe na majibu mawili ya kuwapa: kwamba tuliyoyaona tuliyasema kama yalivyokuwa, na kwamba yale yaliyokuwa katika uwezo wa mikono yetu hatukuyaacha. Kijana aliyetuuliza tumemwomba awe wa kwanza kushika kamba na daftari. Amekubali.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, kuna jambo ambalo tumewahi kulisema juu ya jirani, au juu ya wakulima na wavuvi, kwa nia njema lakini bila ushahidi? Tufanyeje kulisahihisha?

2. Kisima kipi katika mtaa wetu kitafaa kupimwa kila mwezi? Nani, miongoni mwetu na miongoni mwa jirani zetu Waislamu, watashika daftari?

3. Ni mabadiliko gani ya mvua, bahari au maji ambayo wazee wetu wanayakumbuka, na ambayo yafaa kuandikwa kabla hayajasahauliwa?